Zumari la Moiben na Maziwa ya Kimumu

Kipkirui alipofutwa kazi ya ualimu kule Soy, hakuona kama amefutwa. Aliona kama amepandishwa cheo.

Mwenye shule alikuwa mzee mwenye duka la mbolea na subira kidogo. Alimwita ofisini, akamtandikia mezani ripoti za muhula za darasa la sita, ambazo mwalimu huyu alikuwa ameziandika zote kwa ushairi. Wazazi walikuwa wamekuja juu. Mzazi anataka kujua mtoto amekuwa wa ngapi, hataki kuambiwa "amezama kwa hesabu, hajui kujikwamua."

"Mwalimu, wewe kipaji yako ni kubwa kushinda hii shule," mzee alimwambia, kwa ule upole wa kufukuza kuku wa jirani huku jirani akiangalia. "Enda uandike vitabu."

Kipkirui alirudi nyumbani Kimumu, mtaani Eldoret, amejaa nuru kama mtu aliyebatizwa upya. Mkewe Apondi alikuwa uani akisugua mikebe ya maziwa. Akamtangazia kwamba tangu siku hiyo yeye ni malenga, asubuhi hadi jioni.

"Na mshahara?" Apondi akauliza bila kuinua kichwa.

"Malenga halipwi mshahara, mama. Malenga hutunzwa."

"Na nani?"

Swali hilo wakati ulilijibu. Malenga alitunzwa na Apondi.

Apondi alizaliwa Eldoret hii hii. Babake alitoka upande wa ziwa enzi za viwanda vya nguo, akapata kazi, akasahau kurudi. Msichana akakua akiongea Kijaluo nyumbani, Kiswahili njiani na Kikalenjin sokoni, tena Kikalenjin cha kuombea bei, ambacho hakisomwi chuoni. Alipoolewa na Kipkirui, wakwe zake wa Moiben walimtazama mwaka mzima kwa wasiwasi, kisha wakaona jinsi anavyokamua, wakaacha wasiwasi. Sasa alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na kila alfajiri mikebe mingine ililetwa kutoka kwa shemeji yake Kiprono, kakake Kipkirui, mkulima wa Moiben asiye na maneno mengi. Apondi aliuza yote kabla ya jua kupanda. Wako wachuuzi mtaani ambao maziwa yao ukiyachemsha yanabaki vile vile, meupe kwa adabu tu. Ya Apondi, Mama Jep kwa wateja wake, yakichemka yalitandaza malai ya kukata kwa kijiko. Hakuwa na bango, hakuwa na tangazo. Alikuwa na jina, basi.

Mumewe pia alikuwa na jina. Hewani aliitwa Zumari la Moiben.

Kila Jumamosi asubuhi Redio Kilele, kituo kidogo cha pale mjini, ilirusha kipindi cha Baraza la Malenga, na malenga wote wa nyanda za juu walikiheshimu kuliko misa. Walipigana humo kwa beti. Mmoja akitunga, mwingine alimjibu, wa tatu akawajibu wote wawili, na ugomvi ukaweza kuendelea tangu kupanda mahindi hadi kuvuna. Zumari la Moiben alikuwa humo tangu kipindi kianze. Katika mashairi yake mlikuwa na lulu, marijani na kasa, ilhali maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona maishani ni josho la ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza. Ushairi una ukarimu wake.

Katika Baraza kulikuwa na mtindo mmoja uliopendwa sana: shairi la kuomba ushauri. Malenga alileta shida yake ya nyumbani, wenzake wakamtatulia kwa vina. Aliyejibiwa na wengi ndiye aliyesikika. Na mwaka huu kusikika kulikuwa na maana, kwa sababu mtangazaji, bwana mmoja mwenye sauti ya asali aliyeitwa Gichuru, alikuwa ametangaza kwamba Baraza litamteua Shaha, yaani mkubwa wa malenga wote, na kumvika kilemba hasa, cha kitambaa.

Kipkirui alikitaka kilemba hicho kama mtoto anavyotaka baiskeli. Akakaa chini atafute shida.

Shida alikuwa nazo, ila hazikuwa za kishairi. Apondi alimtuma nyasi wakati wa kutunga. Apondi alicheka alipomsomea beti, na wala si pale pa kucheka. Haya yalikuwa makubwa kwake, lakini yalipaswa kuingia katika mizani nane kwa nane, na yaishie kwa kina kimoja. Kufikia ubeti wa mwisho alikuwa na mishororo mitatu mizuri sana. Wa nne ukakataa. Ulidai neno linaloishia kwa "ji," na yeye alikuwa ameshatumia mtaji, mlaji, msemaji na hata mnyanyasaji. Kurudia kina ni aibu kuliko kulala nje. Akazunguka na mshororo huo siku nzima, akiwalisha ng'ombe nyasi zile zile mara mbili, hadi neno lilipojileta lenyewe, jepesi, safi, likakaa mahali pake kama ufunguo. Karibu alie kwa furaha.

Jumamosi Gichuru akausoma ubeti huo kwa sauti yake ya asali:

Malenga nishaurini, mwenzenu sina mpaji,
Nikitunga faraghani, hunituma nyasi, uji,
Sina raha maishani, ja mgeni muombaji,
Na maziwa ya sokoni, yeye huyatia maji.

Ni lazima aaminiwe: Kipkirui hakuwahi hata mara moja kuufikiria mshororo ule kama habari ya maziwa. Kwake ulikuwa mwisho wa shairi.

Apondi alikuwa jikoni akimmiminia mteja. Mteja alikuwa Mideva, mwenye kibanda cha chai pale barabarani, ambaye chai yake ilinywewa na nusu ya Kimumu, na ambaye mdomo wake uliifikia hiyo nusu nyingine. Redio ilikuwa juu ya kabati. Mkebe ukabaki umeinama hewani.

"Mama Jep," Mideva akasema taratibu, "huyo si ni Baba Jep ameandika?"

"Ni yeye."

"Na wewe si ndio bibi yake?"

"Mpaka sasa."

Mideva akatazama ndani ya kopo lake. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema amekumbuka kuna mtu kibandani, akaenda zake na kopo nusu.

Kipkirui alikuwa sebuleni, simu mkononi, akisubiri pongezi ziingie. Apondi hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Ni lini uliniona nikitia maji kwa maziwa?"

"Sijakuona."

"Uliambiwa na mtu?"

"Hapana."

"Sasa ilitoka wapi, Kipkirui?"

"Ilitoka kwa kina." Akamweleza, kwa upole wa mwalimu, habari ya mshororo wa nne, na vile mtaji na mlaji walikuwa wameshakwisha.

"Kwa hivyo ulikosa neno," Apondi akasema, "ukachukua mimi."

Kufikia Jumatatu nyumba za jirani zilikuwa zimeanza kununua maziwa ya pakiti. Kufikia Jumatano vibanda vitatu vilikuwa vimehama. Apondi akaenda kuazima laktometa, ile chupa nyembamba inayoelea ndani ya maziwa na kutoboa siri, akampimia Mideva mbele ya watu. Maziwa yakapita bila doa. Watu wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Siku ya kupimwa lazima yapite," mzee mmoja akaeleza. "Angetia leo angekuwa mjinga. Na Mama Jep si mjinga."

Jumapili mhubiri naye, bila ubaya wowote, akahubiri harusi ya Kana, jinsi mitungi ilivyojazwa maji na watu wakanywa kitu kingine. Kanisa zima likageuka polepole kumtazama Apondi. Hata kwaya.

Binti yao Jepchirchir, aliyefanya kazi katika duka la dawa mjini, alirudi nyumbani jioni hiyo akiwa amefura.

"Baba, umechoma picha mbaya sana, umetuaibisha. Huko job wananiita Maziwa Maji. Hata bosi. Bosi, Baba!"

"Ni kazi ya sanaa, Jep."

"Sanaa gani ya kuuza mathe, bibi yako mwenyewe? Si ungesema tu anakoroma?"

"Hakoromi."

"Na hatii maji pia! Lakini hiyo haikukusumbua."

Kipkirui alikubali kimoyomoyo kwamba mtoto ana hoja. Lakini simu yake ilikuwa haipumui. Murunga, anayejiita Kifaru wa Kitale, mpinzani wake wa miaka mingi, alikuwa ameleta beti kumi na mbili akimshauri ampe mke talaka. Malenga wa Kapsabet alimjibu Kifaru kwamba mke ni mke, maji yachujwe. Mwingine akahoji kama maziwa ya maji ni haramu au ni mkosi tu. Nchi nzima, au angalau sehemu yake inayoamka mapema Jumamosi, ilikuwa ikigombana juu ya jiko lake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Zumari la Moiben alikuwa mtu maarufu, na ukweli ni kwamba aliipenda hali hiyo kuliko alivyopenda chakula. Bahati nzuri, kwa sababu chakula kilikuwa kinapungua.

Apondi alimpa nafasi. "Enda huko huko ulisema, useme ni uongo."

"Nitatunga," Kipkirui akaahidi.

"Nimesema useme."

Lakini yeye alikuwa ameshaingia chumbani na kalamu. Alitaka kumtendea haki. Alitunga kwa siku tatu, safari hii kwa kina cha "ka," na kila mshororo ulikuwa wa kweli hadi alipofika wa mwisho. Pale ndipo ugonjwa ulipo. Shairi lililosema hakuna kosa halikuwa na pa kutua. Lilitaka mkosaji. Jumamosi Gichuru akasoma:

Apondi hana lawama, ulimi uliponyoka,
Maziwa yake ni mema, hayana doa la taka,
Enyi mlomsakama, rejeeni kwa haraka,
Alotia maji jama, si mke wangu, ni kaka.

Simu ya Kiprono iliingia kabla ya tangazo la biashara kuisha.

"Wewe. Huyo kaka ni mimi?"

"Hapana, kaka. Ni kaka wa ushairi. Kaka wa jumla."

"Hapa Moiben uko na kaka ngapi wa jumla wanakupea maziwa?"

Kipkirui akaanza kueleza juu ya vina. Kiprono alimsikiliza kwa muda, kwa sababu ni mtu wa heshima, kisha akasema kwamba pale kwenye kituo cha ushirika mikebe yake imepimwa leo mara mbili, na vijana waliokuwa kwenye foleni wamepiga makofi. Akakata.

Alfajiri iliyofuata mikebe ya Moiben haikuja.

Jioni ile Apondi alikaa tena kwenye kiti cha wageni. Kipkirui alijiandaa kwa matusi. Alikuwa na hata beti mbili za kujitetea. Matusi hayakuja.

"Kuna kitu nataka uniambie," Apondi akasema. "Tukiwa wachumba uliniandikia ati nikicheka hata ng'ombe mkali anatulia. Nilionyesha mpaka mamangu. Hiyo ilikuwa ukweli, ama pia hiyo ilikuwa kina?"

Angesema haraka, angepona. Ukweli wa haraka, uongo wa haraka, chochote. Lakini Kipkirui alikuwa fundi, na fundi ukimuuliza juu ya kazi yake huanza kukumbuka alivyoifanya. Alikumbuka vizuri sana. Kina kilikuwa "lia." Alikuwa amejaribu analia, akajaribu anavumilia, na ng'ombe alikuja mwishoni, kwa sababu ya anatulia. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Sawa," Apondi akasema, akainuka. "Nimesikia."

Siku mbili baadaye lori la Kiprono likaingia getini. Kipkirui alidhani kaka amekuja kumpiga, na kusema kweli alitumaini hivyo, kwa maana kipigo kina mwisho. Kiprono hakumgusa. Alishuka, akamsalimia Apondi kwa mikono miwili, kisha yeye na dereva wakaanza kupakia ng'ombe.

"Kaka, unapeleka wapi mali yangu?"

"Mali yako gani? Unajua kukamua?"

"Na mke wangu?"

Kiprono akafuta mikono kwa suruali. "Kipkirui, huyu mama ni wetu. Sisi ndio tulienda kwao kumwomba, na mimi ndio nilisimama nikasema huku kwetu hatatukanwa. Wewe ulikuwa umekaa kwa kona ukitafuta maneno. Atakaa kwangu, atauzia maziwa yake kwa ushirika. Ukitaka kumwona, enda kwa hiyo redio useme vile mtu husema. Vile unauliza bei ya mbolea. Ukileta tena wimbo, mimi nitamtafutia ploti ajenge Moiben, na wewe utakuja hapo kama mgeni."

Apondi alikuwa ameshapanda mbele. Jepchirchir naye alihamia kwa rafiki yake mjini. Getini Mideva na wenzake watatu walisimama wakitazama ng'ombe wakiondoka, kwa masikitiko ya watu ambao hawangekosa tukio hilo kwa lolote.

Nyumba ikawa na kimya kile ambacho malenga wote huomba. Kipkirui alikaa ndani yake wiki nzima na hakupata hata mshororo mmoja.

Siku ya Ijumaa Gichuru akampigia. Sauti ya asali ilikuwa imeongezwa sukari. "Zumari, kaa ujue. Kesho tunamtaja Shaha, na ni wewe. Njoo studio mapema. Kilemba kimeshonwa."

Nusu saa baadaye ikaingia ya Murunga. Yeye na Kipkirui walikuwa wametukanana kwa beti tangu simu za vibonyezo, na kwa hivyo walikuwa marafiki.

"Nimesikia uvumi kwamba unataka kuyameza maneno yako hewani," Murunga akasema.

"Mke ameondoka, Kifaru."

"Pole. Lakini sheria unaijua. Malenga akikana mshororo wake mwenyewe, amejivua. Hutavishwa kesho, na hutasomwa tena. Nani atajibizana na mtu ambaye kesho yake atasema hakumaanisha?" Akashusha pumzi. "Mwanamke atarudi. Wanawake hurudi. Ushaha haurudi."

"Wako alirudi?"

"Tusizungumze habari yangu."

Mchana huo Kipkirui aliingia kwenye banda tupu, akaketi juu ya kigoda cha kukamulia. Akajaribu kutafuta njia ya tatu, kama wafanyavyo wanaume wote waliopewa mbili. Labda shairi ambalo lingekana bila kukana. Labda fumbo. Akalijaribu kichwani, na mshororo wa kwanza ukaja vizuri, wa pili ukafuata, na alipoona wa nne unakaribia na unamtafuta mtu, akaogopa kwelikweli. Waliobaki duniani kwa kutajwa walikuwa binti yake na Mideva.

Akajiuliza ni lini mara ya mwisho aliposema jambo kwa sababu lilikuwa hivyo. Akaenda nyuma, mwaka baada ya mwaka. Alipofika Soy aliacha kutafuta.

Jumamosi akavaa koti la harusi za watu wengine, akaenda mjini kwa miguu. Studio ya Redio Kilele ilikuwa juu ya duka la magodoro, na ngazi zake zilinuka sponji. Kilemba kilikuwa mezani kweli, cheupe, kikubwa, kimefungwa na mtu ambaye yaelekea alikuwa na uzoefu wa kufunga bandeji. Kipkirui alikitazama, na hapana haja ya kumsingizia ushujaa: mate yalimjaa mdomoni.

"Wapenzi wasikilizaji," Gichuru akaanza, "aliyetikisa nyanda za juu mwaka huu, aliyefungua jikoni mwake tukaingia sote, Zumari la Moiben! Zumari, kabla hatujakuvika, tupigie la leo."

Kipkirui akaisogelea maikrofoni.

"Mimi naitwa Kipkirui," akasema. "Naishi Kimumu. Mke wangu anaitwa Lynette Apondi. Yeye huuza maziwa. Hajawahi kutia maji kwa maziwa. Hata siku moja. Kaka yangu Kiprono wa Moiben pia hajawahi. Mimi ndiye niliandika uongo, kwa sababu nilikosa neno la kumalizia. Ni hayo tu."

Redio zina ugonjwa mmoja mbaya kuliko yote, nao ni kimya. Kilidumu muda wa kutosha kwa fundi wa mitambo kuinuka kuangalia nyaya.

"Naam," Gichuru akasema hatimaye. "Naam! Na hilo ni... shairi huru, Zumari? Umehamia mashairi huru?"

"Si shairi."

"Ni tamathali basi. Maziwa ni nini hapo? Ni taifa?"

"Maziwa ni maziwa, Gichuru. Yanauzwa asubuhi."

Simu zikalipuka. Wa kwanza alikuwa Murunga, akipiga kelele kwamba Zumari amejivua mchana kweupe, na Baraza lishuhudie. Wa pili alikuwa yule malenga wa Kapsabet akilia kwa hasira, kwamba wiki tatu ametunga beti arobaini kutetea maziwa ambayo sasa anaambiwa hayakuwa na kesi. Wa tatu alitaka kujua kama mahindi yamepanda bei. Alikuwa amekosea kipindi. Wa nne alikuwa Mideva.

"Baba Jep, habari ya asubuhi. Mimi miaka yote nasikiza mashairi yako. Hii ya leo ndiyo ya kwanza nimeelewa."

"Asante, Mideva."

"Sasa Mama Jep analeta maziwa lini? Hii ya pakiti wateja wanasema inaonja karatasi."

Kabla ya taarifa ya habari Ushaha ulikuwa umekwenda Kitale. Murunga aliukubali kwa unyenyekevu wa dakika tano. Gichuru, mtu wa adabu, alimsindikiza Kipkirui hadi kwenye ngazi, akamwambia kwamba kwa kawaida humpa mgeni soda, lakini leo hana uhakika.

Alipofika Kimumu watoto wa jirani walikuwa wameshatunga wimbo wa kumcheka. Akaingia ndani, akajaribu kutengeneza chai, akakumbuka hakuna maziwa. Akainywa ya rangi. Mchana ukapita, simu haikulia. Akafikiria kwamba pengine Moiben hawakusikia. Pengine Kiprono alikuwa shambani na redio iko nyumbani. Akafikiria, kwa mara ya kwanza, kwamba pengine walisikia na haikutosha. Hakuna mtu aliyekuwa ameahidi chochote. Kiprono alisema "ukitaka kumwona." Hakusema atarudi.

Ilikuwa karibu saa ya kukamua jioni simu ilipoita.

"Nilisikia," Apondi akasema. Nyuma yake ng'ombe mmoja alikuwa akilalamika. "Kiprono pia alisikia. Ameshinda akitembea na redio kwa ushirika, kila mtu asikize, na kipindi kiliisha zamani."

"Apondi, mimi..."

"Ngoja. Usianze kupanga maneno. Hilo lori litakuwa huko Jumatatu. Osha banda. Na uoshe vizuri, si kuhamisha tu uchafu kutoka kona hii kwenda ile."

"Ng'ombe wanarudi?"

"Wateja wanapiga simu. Mideva amepiga mara tatu. Niuzie watu wa Kimumu nikiwa Moiben?"

Kipkirui akashika simu kwa mikono miwili. Maneno mengi mazuri yalimjia, yamejipanga wawili wawili kama watoto wa shule. Akayaacha yapite.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe unarudi?"

Apondi akaendelea na kazi yake. Alikuwa ameketi kukamua. Zile sauti mbili, ya kulia na ya kushoto, zilisikika zikigonga ndoo.

"Hawa ng'ombe watakamuliwa na nani, wewe?" akasema. "Nitakuja. Lakini nitalala kwa chumba ya Jep mpaka nione. Na asubuhi wewe ndio utabeba mikebe, nyumba kwa nyumba, ile uliharibu yote. Mtu akikuuliza kitu kuhusu maziwa, umjibu. Ukimaliza kumjibu, unyamaze."

"Nitanyamaza."

"Utaweza?"

Kipkirui alifikiria. Hakukimbilia jibu zuri.

"Sijui," akasema.

"Haya," Apondi akasema, na sauti za ndoo zikaendelea. "Hiyo naweza kuamini."